Namba Mbili, Waya Mmoja: Kwa Nini Vipimo vya Ukinzani wa Umeme Hutofautiana

Mada iliyowasilishwa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika



Mada niliyopewa inaweza kuonekana ni ya mafundi peke yao. Naomba tusiichukulie hivyo. Tuchukue mfano. Usharika umemaliza kuweka umeme katika zahanati yake. Fundi wa kwanza anapima waya wa ethi unaokwenda wodi ya wazazi na kuandika omu 0.30. Baada ya miezi michache fundi wa pili anapima waya uleule na kuandika omu 0.42. Kamati inakutana. Mjumbe mmoja anasema fundi wa kwanza alidanganya ili alipwe. Mwingine anasema fundi wa pili anatafuta kazi. Wa tatu anasema taa zinawaka, tuendelee na ajenda nyingine. Ripoti inakwenda kwa mfadhili ikiwa na namba zote mbili bila maelezo, naye anaanza kujiuliza fedha zake zilitumikaje.

Wajumbe wote watatu wanaweza kuwa wamekosea. Namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli, na hata hivyo haifai kuzipuuza. Kipimo cha umeme ni namba pamoja na mazingira yake: nani alipima, kwa chombo gani, saa ngapi, katika hali gani. Namba iliyoondolewa mazingira yake ni nusu ya taarifa, na kamati inayoamua kwa nusu ya taarifa inaweza kumfukuza fundi mwaminifu au kuacha hatari ndani ya jengo.

Ukinzani ni nini, na kwa nini tunaupima

Ukinzani ni jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita. Hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Waya wa shaba una ukinzani mdogo sana. Plastiki inayoufunika waya huo, ambayo tunaiita kihami, ina ukinzani mkubwa sana, hivyo hupimwa kwa megaomu, yaani omu milioni moja moja.

Katika jengo tunatafuta mambo mawili yanayopingana. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, uwe na ukinzani mdogo. Waya wa moto ukigusa bodi ya friji ya chanjo, umeme upate njia rahisi ya kurudi, ili sakiti breka ikate mara moja. Njia hiyo ikiwa na ukinzani mkubwa, breka inaweza isikate. Bodi ya friji itabaki na umeme ikimsubiri muuguzi aiguse. Kihami, kwa upande wake, kiwe na ukinzani mkubwa, ili umeme usivuje kwenda ukutani, kwenye bati au kwa mtu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba taa huwaka vizuri hata kama waya wa ethi umekatika kabisa. Kuwaka kwa taa hakuthibitishi usalama. Usalama huthibitishwa na vipimo, na ndiyo maana inatupasa kuvielewa.

Sababu ya kwanza: chombo na nyaya zake

Hakuna chombo kinachopima bila kukosea hata kidogo. Chombo kizuri cha fundi huandikwa kwenye kitabu chake kwamba kinaweza kukosea, kwa mfano, asilimia 2 pamoja na tarakimu 2 za mwisho. Kwa omu 0.30, maana yake ni kwamba ukweli uko kati ya takriban 0.27 na 0.33. Kwa hiyo fundi akisoma 0.28 na mwenzake akisoma 0.32, hawajapingana.

Pili, nyaya za kupimia zina ukinzani wake, mara nyingi karibu omu 0.1 au zaidi kidogo zikiwa pamoja. Fundi anatakiwa kuziunganisha ncha kwanza na kuirudisha namba kwenye sifuri kabla ya kupima. Asipofanya hivyo, ukinzani wa nyaya zake unaongezwa kwenye ukinzani wa jengo letu. Kwa kipimo cha megaomu hilo si kitu. Kwa kipimo cha omu 0.30 ni theluthi nzima.

Tatu, vyombo havifanani. Multimita ya kawaida hupitisha mkondo mdogo sana. Chombo maalumu cha kupima waya wa ethi, kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, hupitisha angalau miliampia 200. Penye kutu nyembamba kwenye kiungo, mkondo mdogo unaweza kuzuiwa na mkubwa ukapenya, hivyo vyombo viwili vikatoa majibu mawili mahali palepale. Betri iliyochoka nayo hupotosha majibu.

Sababu ya pili: joto

Shaba ikipata joto, ukinzani wake huongezeka. Kiasi chake kinajulikana: karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kuanzia nyuzi 20. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una omu 7.41 kwa kilomita katika nyuzi 20. Urefu wa mita 40 ni karibu omu 0.30. Waya huohuo ukipita juu ya dari chini ya bati, mchana wa jua kali kwenye nyuzi 35, unakuwa karibu omu 0.31 hadi 0.32.

Sasa turudi kwenye zahanati yetu ya mfano. Fundi wa kwanza alipima asubuhi, akarudisha nyaya zake kwenye sifuri, akapata 0.30. Wa pili alipima saa nane mchana bila kurudisha kwenye sifuri. Joto liliongeza karibu 0.02, nyaya zake 0.1, na jumla ni 0.42. Hakuna aliyedanganya, wala waya haukuharibika. Kilichokosekana ni mistari miwili ya maelezo kwenye karatasi.

Wenye kumbukumbu ya balbu za zamani za waya mwembamba watapenda mfano mwingine. Balbu ya wati 100 kwa volti 230 inapowaka huwa na ukinzani wa karibu omu 529. Ukiizima ikapoa, ukaipima kwa multimita, unapata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Balbu ni ileile. Kilichobadilika ni joto la waya wake.

Sababu ya tatu: viungo na mahali pa kugusa

Fundi akibana klipu yake juu ya rangi, kutu au vumbi, anapima rangi, kutu na vumbi pamoja na waya. Akikwangua hadi chuma king'ae, namba inashuka. Vivyo hivyo ndani ya soketi: skrubu iliyolegea huongeza ukinzani, na namba yake haitulii. Ukiutikisa waya inapanda, ukiuachia inashuka.

Tofauti ya namna hii haitokani na mazingira ya kupima, bali ni ugonjwa wa jengo. Skrubu iliyolegea kwenye waya wa ethi hunyima watu kinga. Ikiwa kwenye waya unaobeba mzigo, hupata moto na inaweza kuunguza jengo. Fundi akiandika 0.95 mahali palipokuwa na 0.30, na namba inacheza anapogusa waya, kamati isikubali kuambiwa kwamba ni joto tu. Joto haliwezi kuzidisha ukinzani wa shaba mara tatu katika jengo la kawaida.

Sababu ya nne: kipimo cha kihami

Hapa ndipo namba hutofautiana kwa kiasi kinachowashtua wengi. Leo megaomu 60, kesho 15. Je, kihami kimeoza kwa siku moja? Si lazima.

Kihami hufanya kinyume cha shaba: kikipata joto, ukinzani wake hupungua. Kanuni ya makadirio inayotumiwa na mafundi ni kwamba hupungua kwa nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Megaomu 60 katika nyuzi 20 zinakuwa karibu 30 katika nyuzi 30, na karibu 15 katika nyuzi 40. Unyevunyevu hushusha namba pia: ukungu wa asubuhi, plasta ambayo haijakauka, maji yaliyoingia kwenye bomba la nyaya, vumbi na uchafu wa mijusi ndani ya soketi.

Muda wa kupima nao una uzito. Kebo ndefu, kama ile inayoshuka kwenye kisima hadi kwenye pampu, hujaa umeme taratibu inapopimwa. Namba huanza chini na kupanda. Anayesoma baada ya sekunde 5 atapata ndogo kuliko anayesubiri dakika moja. Ni vema mafundi wote wakubaliane muda mmoja na kuuandika.

Kisha kuna suala la nini kimepimwa. Sakiti 6, kila moja ikiwa na megaomu 60, zikipimwa kwa pamoja kwenye meni swichi hutoa megaomu 10, kwa sababu umeme umepata njia 6 za kuvuja badala ya moja. Anayelinganisha 60 za sakiti moja na 10 za jengo zima analinganisha debe na kibaba. Aidha, kifaa kilichosahauliwa kwenye soketi kinaweza kuishusha namba hadi karibu na sifuri ingawa nyaya ni nzima.

Mwisho, kipimo hiki kwa jengo la volti 230 hufanywa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, na kiwango cha chini kinachokubalika kimataifa ni megaomu 1. Multimita yenye betri ndogo haiwezi kufanya kazi hiyo. Inaweza kuonyesha kwamba kihami ni salama, kumbe kinavuja mara kinapokutana na volti kubwa. Ripoti ya kihami isiyotaja volti zilizotumika irudishwe kwa mwandishi wake.

Sababu ya tano: ardhi na majira

Ethi rodi, yaani ile nguzo ya shaba inayozikwa ardhini, hutegemea udongo unaoizunguka. Udongo wenye unyevu hupitisha umeme vizuri. Udongo mkavu, mchanga na mawe hupitisha kwa shida. Rodi ileile inaweza kutoa omu 8 wakati wa masika na omu 20 mwishoni mwa kiangazi bila kuguswa na mtu.

Jambo hili linahusu hasa kinga ya radi kwenye makanisa na shule zetu. Kwa kinga ya radi hupendekezwa ukinzani wa ardhi uwe chini ya omu 10, pale inapowezekana. Mradi uliopimwa mwezi Aprili na kupata 8 unaonekana umefaulu. Lakini mvua za kwanza za radi huja ardhi ikiwa bado imekauka, na siku hiyo watoto wamekaa darasani chini ya rodi yenye omu 20. Kwa hiyo kipimo cha masika kisichukuliwe kuwa neno la mwisho. Kipimo kinachotulinda ni kile cha kiangazi.

Namna ya kupima pia huleta tofauti. Fundi huchomeka vijiti viwili ardhini mbali na rodi. Kijiti cha mbali kikiwa mita 30, cha kati huwekwa karibu na asilimia 62 ya umbali huo, yaani karibu mita 18 na nusu. Kisha hukisogeza cha kati mita chache mbele na nyuma na kupima tena. Matokeo matatu yakikaribiana, namba inaaminika. Yakipishana sana, vijiti viko karibu mno, au kuna bomba la chuma ardhini linaloingilia.

Sababu ya sita: njia za pembeni na umeme wa gridi

Kuna kipimo kinachofanywa umeme ukiwa umewashwa, cha njia nzima ambayo umeme hupita penye hitilafu, kutoka transfoma hadi soketi na kurudi. Chombo huchota mkondo kwa muda mfupi na kuangalia volti zinashuka kiasi gani. Mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa sekunde hiyohiyo, volti hushuka kwa sababu yake na namba inaharibika. Dawa yake ni kurudia mara tatu na kuandika zote tatu.

Zaidi ya hayo, umeme hutumia kila njia inayopatikana. Mabomba ya maji ya chuma na mapaa ya chuma yaliyogusana na waya wa ethi hufanya ukinzani uonekane mdogo kuliko ulivyo kwenye waya wenyewe. Kisha usharika unabadilisha mabomba ya chuma na kuweka ya plastiki. Hakuna aliyegusa umeme, lakini kipimo kinachofuata kinapanda, kwa sababu njia ya pembeni imeondolewa. Kwa mantiki hiyo, mradi wa maji unaweza kuharibu usalama wa umeme, na fundi bomba anapomaliza kazi yake fundi umeme apime tena.

Tutofautisheje?

Ndugu wajumbe, hamhitaji kuwa wahandisi. Mnahitaji kuuliza maswali haya: Je, namba mbili zilipatikana kwa njia moja, kwa chombo cha aina moja, katika hali zinazofanana? Kama hapana, pimeni upya kabla ya kumlaumu mtu. Je, tofauti inaelezeka kwa joto, nyaya za kupimia au usahihi wa chombo? Kama ndiyo, andikeni maelezo na mwendelee. Je, namba inacheza waya ukitikiswa, au imepita kiwango kinachokubalika, au imekuwa ikizorota kila mwaka katika hali zilezile? Hapo kuna tatizo, na litafutwe.

Mzoroto wa mwaka hadi mwaka husema mengi kuliko namba moja. Kebo ya pampu iliyotoka megaomu 200 hadi 80 hadi 12 hadi 3, kila mara ikipimwa kwa njia ileile mwezi uleule, bado iko juu ya 1. Hata hivyo inawaambia muanze kutafuta fedha sasa, kabla kijiji hakijakaa bila maji.

Nataka pia niwatahadharishe kuhusu ripoti inayofanana mno. Fundi akileta karatasi yenye soketi 20 na zote zikiwa na omu 0.30 kamili, ya karibu na meni swichi na ya mwisho wa jengo, muulizeni. Urefu wa nyaya haulingani, basi namba nazo haziwezi kulingana zote. Kwenye kihami ni tofauti: chombo kinaweza kuonyesha mwisho wa uwezo wake, kwa mfano "zaidi ya 200", kwa sakiti zote nzima, na hilo ni la kawaida.

Mapendekezo kwa kamati

Kwanza, kila jengo liwe na daftari la vipimo linalotunzwa ofisini, si mfukoni mwa fundi. Kila mstari uwe na tarehe na saa, jina la fundi na leseni yake, aina ya chombo, sakiti iliyopimwa, volti na muda wa kupima, hali ya hewa, kama vifaa vilichomolewa, na kama nyaya zilirudishwa kwenye sifuri.

Pili, chombo kihakikiwe usahihi wake kwa vipindi vinavyojulikana, kazi ambayo Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hufanya katika maabara zake. Kati ya uhakiki mmoja na mwingine, fundi awe na rizista yenye ukinzani unaojulikana na kuipima kila aanzapo kazi. Ni kitu cha bei ndogo kinachomwonyesha mapema kwamba chombo kimeanza kukosea.

Tatu, mkataba utenge sehemu ndogo ya malipo itakayotolewa baada ya kipimo cha pili mwishoni mwa kiangazi.

Nne, vipimo vya ukinzani wa nyaya na vihami vifanywe umeme ukiwa umezimwa na kuthibitishwa kwamba umezimika. Waya wa ethi usifunguliwe kamwe jengo likiwa na umeme. Baada ya kupima kihami, kebo iondolewe umeme uliobaki ndani yake kabla ya mtu kuigusa.

Kwa marafiki wafadhili nina ombi moja. Msituombe cheti chenye neno "imefaulu" peke yake. Ombeni karatasi ya vipimo, na mkiona namba imebadilika ulizeni sababu kabla ya kushuku. Mkitupongeza kwa namba zisizobadilika tu, mtawafundisha mafundi kunakili ripoti ya mwaka jana. Mkithamini namba zenye maelezo, mtapata ukweli, na wagonjwa na wanafunzi watapata usalama mliowanunulia.

Ndugu Mwenyekiti, kila kamati iliyopo hapa ina angalau jengo moja lenye umeme. Napendekeza kila mmoja wetu akirudi nyumbani aulize karatasi ya vipimo ya jengo hilo iko wapi, na ilipimwa majira gani. Isipopatikana, kazi ya kwanza ya robo mwaka ijayo tumekwisha kuijua.